Sura ya Sita: Mgonjwa Mmoja, Chumba Kimoja

Juni 2020, miezi mitatu baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatunzia nyumbani wagonjwa wasio na hali mbaya. Vitanda vya hospitali vilikuwa vinajaa, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Mgonjwa akae kwenye chumba chake, chenye madirisha. Ahudumiwe na mtu mmoja tu. Mwongozo huo ulipofika Gatwekera, Laini Saba na Kisumu Ndogo kule Kibera, au Gatina na Kabiro kule Kawangware, ulikuta nyumba ambayo yote ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Sebule ni hapo, jikoni ni hapo, watoto wanalala hapo, na kitanda cha mgonjwa kinatengwa na wengine kwa pazia lililotundikwa kwenye kamba.

Sura hii ni ya nyumba hiyo. Ushauri mwingi kuhusu kuishi na mgonjwa umeandikwa kwa watu wenye chumba cha akiba, na asiye nacho akiusoma huishia kwenye mojawapo ya mawazo mawili, yote mabaya. La kwanza ni kwamba hana la kufanya, basi amwachie Mungu. La pili ni kwamba mgonjwa apandishwe basi akaugulie mashambani, mara nyingi akiwa na ugonjwa ambao hata haujapimwa, aupeleke kwa nyanya na wajukuu wanaolala naye chumba kimoja huko pia. Mimi nashikilia kwamba hata katika futi kumi kwa kumi familia inaweza kumuuguza mtu wake na ikabaki nzima. Inahitaji kujua ugonjwa unapitia wapi, na inahitaji kuwahi.

Magonjwa yanayotesa vyumba hivi yana njia mbili kubwa. Kifua kikuu (TB), surua, mafua na korona hutoka na pumzi: mgonjwa anakohoa, anaongea, anapiga chafya, na aliye karibu anavuta. Kipindupindu, homa ya matumbo ambayo wengi tunaiita taifodi, na kuhara damu hutoka na choo na kuingia kwa mdomo, yakibebwa na mikono, maji, chakula na nzi. Malaria haimo katika hesabu hii. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu bila mbu, na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hivi kwamba malaria nyingi inayopatikana hapa imetoka safarini, Kisumu, Busia au Pwani. Mtu mwenye homa kali Kibera ambaye hajasafiri asimeze dawa ya malaria kwa kukisia. Akapimwe.

Nyumba nyingi huchanganya njia hizi mbili, na mahali pa kuuona mchanganyiko huo ni kwenye kikombe. Mtu akiambiwa ana TB, siku hiyo hiyo anatengewa kikombe, sahani na kijiko, na watoto wanaonywa wasiviguse. Bakteria wa TB hawapiti kwenye kikombe, wala kwenye shuka, wala kwa kusalimiana kwa mkono. Wanapita hewani. Familia iliyomtengea kikombe inalala naye usiku kucha mlango ukiwa umefungwa na kila upenyo umezibwa, ikidhani imejikinga. Kwenye chumba cha jirani, mtoto anayeendesha anaoshwa mlangoni kwa maji ya kikombe kimoja, mikono iliyomwosha inapanguswa kwenye leso, kisha inarudi kukanda unga wa chapati. Hofu imewekwa pasipo hatari, na hatari imeachwa bila mlinzi. Tena kikombe kile kina madhara yake: aliyeona jirani akitengewa chombo ataficha kikohozi chake mwenyewe miezi miwili asije akafanyiwa vivyo hivyo.

Na hiyo miezi miwili ndiyo inayoambukiza.

Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB. Hospitali ya Mbagathi, inayopakana na Kibera, ilijengwa miaka ya 1950 kuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na kwa muda mrefu ilijulikana kwa herufi IDH. Siku hizo duniani kote iliaminika kwamba mwenye TB lazima aondolewe nyumbani, alazwe mwaka au zaidi, la sivyo ataimaliza familia yake. Imani hiyo ilipimwa mwaka 1956 katika mji wa Madras, India, ambao leo unaitwa Chennai. Watafiti waliwagawa wagonjwa 193 wa TB, wengi wao maskini wa mitaa iliyosongamana, katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lililazwa katika hospitali ya TB, chakula kizuri na mapumziko. Kundi la pili lilipewa dawa zile zile lakini likarudishwa kwenye vyumba vyake vilivyojaa watu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959: waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Kisha familia zao zikafuatiliwa kwa miaka mitano. Waliobaki chumba kimoja na mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa hawakuugua TB zaidi kuliko wale ambao mgonjwa wao alikuwa ameondolewa.

Mtu wa Kibera akiujua utafiti mmoja tu wa udaktari, naomba uwe huo. Maana yake ni kwamba dawa zikianza kufanya kazi, mgonjwa huacha upesi kuwa hatari kwa wenziwe. Kwa TB isiyokuwa sugu, madaktari huhesabu kama wiki mbili za dawa kamili. Familia huambukizwa zaidi kabla ya hapo, wakati kikohozi bado kina majina mengine. Ni vumbi la mjengo, ni baridi ya Julai, ni homa tu. Kemisti ya kona inauza dawa ya maji ya kikohozi, wiki mbili baadaye inauza antibiotiki, wiki nyingine mbili inabadilisha antibiotiki. Kila wiki inayopita ni usiku saba wa watu watano wakivuta hewa moja.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika ushindi huo wa dawa. Matibabu ya TB yalikuwa yanachukua mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1970 na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, Kenya ikiwamo, yalionyesha kwamba dawa ya rifampisini ikiongezwa, miezi 6 inaweza kutosha. Miezi 6 ndiyo anayomeza mgonjwa wa kawaida leo: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Katika vituo vya serikali dawa hizo hutolewa bure. Makohozi yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert, jibu hupatikana kwa saa chache.

Tuingie sasa ndani ya chumba. Ukisimama katika nyumba ya udongo au mabati kule Soweto au Lindi, Kibera, na kutazama juu, utaona pale ukuta unapoishia na paa linapoanzia kuna uwazi, pengine wa upana wa kiganja. Mara nyingi umezibwa: gunia limesokotwa likashindiliwa, katoni imepigiliwa misumari, nguo kuukuu imejazwa kwenye kona. Sababu ni za haki kabisa. Baridi, vumbi, panya, wezi, na jirani anayesikia kila neno. Lakini uwazi huo ndio dirisha la nyumba isiyo na dirisha. Kuna mgonjwa wa kifua ndani? Ng'oa gunia. Likibidi kubaki upande mmoja, toa la upande wa pili, kwa sababu hewa huhitaji pa kuingilia na pa kutokea, na tundu moja halifanyi kazi ya matundu mawili yanayotazamana. Wavu wa waya utazuia panya bila kuzuia hewa. Kipimo cha bure ni pua yako: ukirudi nyumbani jioni ukakuta harufu ya vitunguu vya jana, basi na pumzi ya jana imo.

Kawangware tatizo lina sura nyingine. Ploti za zamani, vyumba vimezunguka ua wenye mfereji mmoja, zinapewa nafasi na magorofa ya mawe yenye korido ndefu katikati, na dirisha la chumba linatazama ukuta wa gorofa la jirani umbali wa mkono mmoja. Humo mlango ukifunguliwa unafungulia korido, na korido yenyewe imejaa giza. Wapangaji wengi hawana ruhusa ya kutoboa hata tundu la msumari. Hapa lawama ni ya mwenye nyumba, na ni haki wapangaji wa ghorofa moja kumwendea pamoja wakidai korido iwe wazi ncha zote mbili. Mwaka 2007 watafiti walipima hewa katika hospitali za Lima, Peru. Wodi za zamani zenye dari za juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, zilibadilisha hewa zaidi kuliko vyumba vipya vyenye mitambo ya kisasa ya kusukuma hewa. Waliojenga zamani hawakuwa na umeme wa kutegemea, wakategemea upepo.

Mchana mgonjwa atoke. Akae juani nje ya mlango, kwa sababu nje pumzi yake hupotea, na mwanga wa jua huua bakteria wa TB. Usiku alale upande ambao hewa inatokea, karibu na dirisha au mlango. Kitanda kikiwa ni kimoja na hapana budi kukishiriki, walale mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule, na mtoto mdogo asiwe ndiye anayelala naye. Akohoe ndani ya kitambaa au kiwiko. Makohozi ayateme kwenye kopo lenye kifuniko, yamwagwe chooni. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani kumpasha mgonjwa joto mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo imeua familia nzima usingizini hapa Nairobi zaidi ya mara moja.

Watoto ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB, na wengi wao, kama tisa kati ya kumi, hawataugua maishani kwa kuwa miili yao humdhibiti mdudu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana nguvu hiyo, wala mtu mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa. Kwao maambukizi hugeuka ugonjwa haraka. Ndiyo maana kuna dawa ya kinga kwa wanaoishi na mgonjwa wa TB ya mapafu: wapo wanaomeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na watoto wadogo wana dozi yao. Watu wengi hawajawahi kuisikia, kwa hiyo hawaiulizi. Kwa mtoto ambaye tayari anaugua, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani, Oktoba 2016, kusambaza kote nchini dawa ya TB iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, yenye ladha ya matunda na inayoyeyuka majini. Kabla ya hapo mama alikuwa anakata tembe chungu ya mtu mzima kwa kisu, anaisaga kwa kijiko, anakisia kipimo, na mtoto anaitema.

Mambo haya huharibika mlangoni. Mhudumu wa afya ya jamii anapiga hodi, anakaribishwa kwa heshima, "Karibu daktari," maana mtaani yeyote mwenye mkoba wa afya ni daktari. Anauliza, "Mama, hapa mnalala wangapi?" Mama anajibu, "Ni mimi na baba na hawa wawili." Hamtaji shemeji aliyetoka Kakamega kutafuta kibarua, wala msichana wa dada yake anayelala chini kando ya meza. Pengine anaogopa mwenye nyumba ataongeza kodi, pengine anaona wale ni wageni. Hao wawili hawataandikwa, hawatapimwa, na kikohozi kitaendelea kuzunguka kupitia kwao. Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu hawa wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa. Kifaa kikubwa walicho nacho bado ni lile swali la mlangoni, na kinafanya kazi kwa kadiri ya ukweli wa jibu.

Surua nataja kwa ufupi kwa kuwa kinga ya wanaobaki ni moja. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa naye, tisa huambukizwa. Tundu la hewa halitoshi hapo. Kinachotosha ni chanjo, ambayo Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Mmoja akiugua, wengine wapelekwe kliniki siku hiyo hiyo, kwani chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na ugonjwa bado inaweza kuuzuia.

Njia ya pili, ya mikono na mdomo, Kibera inaifahamu kuliko mahali pengi. Taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI pamoja na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walianza katikati ya miaka ya 2000 kufuatilia magonjwa nyumba kwa nyumba katika Gatwekera na Soweto. Walipolinganisha taifodi ya huko na ya Asembo, mashambani Siaya, walikuta ya Kibera imezidi mara nyingi, na watoto ndio walioumia zaidi. Wagonjwa wa Kibera katika utafiti huo walitibiwa katika zahanati ya Tabitha. Jina ni la Tabitha Atieno Festo, muuguzi mjane wa Kibera aliyepewa mtaji wa dola 26 na kijana Mmarekani, Rye Barcott, akauza mboga, na kwa faida yake akaanza kutibu majirani ndani ya chumba chake mwenyewe cha kumi kwa kumi. Mwaka 2001 wawili hao pamoja na Salim Mohamed wakaanzisha shirika la Carolina for Kibera. Naitaja habari hii kwa sababu watu husema chumba kama hicho hakifai kwa afya. Kwa Tabitha kilikuwa zahanati.

Mtu anapoendesha na kutapika nyumbani, kazi ni kuzuia mikono iliyomhudumia isifike kwenye chakula na maji. Ingekuwa vyema mmoja ahudumie na mwingine apike, ila nyumba nyingi zina mama mmoja anayefanya yote. Basi sabuni iwe kati ya kazi hizo mbili. Sabuni ya kipande huisha, huanguka matopeni, na ikiachwa kwenye mfereji wa ploti haipatikani tena. Kuna njia rahisi: chupa ya soda ya nusu lita, kijiko cha sabuni ya unga, maji, na kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Inafinywa, inatoa povu, inadumu siku nyingi, na hakuna wa kuitamani. Itundikwe mlangoni na nyingine choo kilipo, hasa choo kile kinachotumiwa na nyumba kadhaa.

Maji ya kunywa yasichotwe kwa kikombe kinachozamishwa, maana mkono unazama nacho. Yakae kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na yamiminwe. Mipira ya maji mtaani hupita kwenye mitaro ya maji taka, na ikipasuka mkondo ukiwa umekatika, uchafu hunyonywa ndani. Ndiyo sababu shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, lilipandisha mabomba yake juu ya nguzo. Yachemshwe maji, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Palipotapikwa au kuchafuliwa pamwagiwe dawa ya klorini ya kufulia, ile ya asilimia 3.5 hivi, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, iachwe dakika kumi ndipo pasuguliwe. Isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Mgonjwa mwenyewe arudishiwe maji anayopoteza. Pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini ndiyo bora, na mtoto aongezewe tembe za zinki. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na mlima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kuendesha maji meupe kama ya mchele uliooshwa si jambo la kusubiri asubuhi. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache.

Glavu ni chache. Wakati UKIMWI ulipokuwa bado hauna dawa mtaani, kabla na baada ya serikali kuutangaza janga la taifa Novemba 1999, wauguzaji wa nyumbani, karibu wote wanawake, walivaa juala mikononi. Juala zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Karatasi ya mkate bado ipo, na isiyo na tundu hufanya kazi hiyo hiyo, mara moja tu, kisha itupwe.

Nimeacha mtu mmoja, na ndiye anayesahauliwa na wote. Anayeuguza ni mama ambaye alfajiri hupanda kutoka Kawangware kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua, au ni binti wa darasa la saba ambaye ameacha kwenda shule bila yeyote kutangaza kwamba ameacha. Analala kidogo kuliko wote, anakula baada ya wote, na chakula kikipungua ni chake kilichopungua. Mwili usiolala wala kula ndio TB inaoutafuta. Kwa hiyo sahani yake ipakuliwe pamoja na ya mgonjwa. Kaka wakubwa na baba wa nyumba wachukue zamu ya usiku. Kumgeuza mgonjwa, kumwaga beseni na kuosha shuka hakuhitaji mikono ya kike. Chama cha ploti kinachochanga kwa matanga kinaweza kuchanga mapema zaidi, kwa nauli ya kliniki na unga wa wiki. Na yule binti arudi shuleni, hata ikibidi jirani akae na mgonjwa nusu siku.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyekohoa wiki mbili, au anayetokwa jasho usiku, au ambaye nguo zimeanza kumlegea, mpeleke kituo cha afya cha serikali kesho, na uende naye. Akikutwa na TB, usitoke pale mpaka kila anayelala kwenye chumba chenu ameandikwa jina, shemeji akiwemo na msichana wa kando ya meza akiwemo, na uulize dawa ya kinga kwa jina lake, dawa ya kuzuia TB. Kupimwa ni bure, na dawa ni bure.